Kipande Kisichofagiwa

Mwanamke mmoja alikuwa na watoto wanne, mbuzi watatu, na kipande cha kilima alichopewa akitunze. Jina lake lilikuwa Mwanamvua. Kilima chenyewe kilikuwa cha mawe ya chokaa, udongo wake haba na mweupe, usiokubali mahindi wala mihogo. Kiliotesha nyasi na maua madogo madogo tu, na wanawake wa kijiji walikuwa wakikata majani ya mbuzi huko tangu enzi za bibi zao.

Wakatokea watu waliotaka kukichimba. Mkutano wa kijiji ulibishana siku mbili, mwisho ukaamua hivi: wanawake wanasema watu wa mjini hupenda kutazama vipepeo wa kilima hicho, basi na waje mara moja, tuone. Wageni wakiondoka wameridhika, kilima kitabaki kwa wanawake. Wakiondoka hawakuona kitu, wachimbaji wataingia baada ya mavuno.

Bi Kiango, kiongozi wa wanawake, aliigawa njia ya kilimani vipande, kila mtu na chake. Hakuhitaji kueleza la kufanya. Mwanamke aliyelelewa akalelewa vizuri, akisikia mgeni anakuja, hushika ufagio kwanza ndipo aulize ni mgeni gani. Wiki nzima baada ya masika kwisha walifyeka na kufagia. Waling'oa magugu yenye utomvu mweupe, yaliyokuwa yamejaa viwavi, wakayachoma. Walipanga mawe pande zote mbili za njia na kuyapaka chokaa, kama yale ya mbele ya ofisi ya kata. Njia ikang'aa hata ungeweza kuanika unga juu yake.

Kipande cha Mwanamvua kilikuwa cha mwisho, juu kabisa. Wiki hiyo watoto wake wawili walikuwa bado wana tetekuwanga, na wawili waliobaki nao wakashikwa. Hakwenda kilimani hata siku moja. Hakulia pia, kwa kuwa kulia kunataka nafasi. Alichemsha maji, akafua mashuka, akawakata watoto kucha wasijikune. Siku alipopata wa kumwachia wagonjwa, ilikuwa ndiyo siku ya wageni, na wageni walikuwa wameshashuka kwenye gari.

"Umetuponza, shoga," jirani yake Mwanaisha alimnong'oneza chini ya kilima. "Wakifika juu watadhani wameingia kwenye pagale."

"Watadhani wamefika kwangu," Mwanamvua alijibu. "Nako hakujafagiwa."

Wageni walikuwa walimu kumi wa shule moja ya mjini, wako likizo, wamevaa kofia pana. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke kijana aitwaye Nakiete, mzaliwa wa milimani, aliyesomea wadudu. Alikuja mikono mitupu, kwa maana alisema kipepeo hutazamwa, hakamatwi. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuja, ili awe shahidi.

Wakapanda. Bi Kiango alitangulia akionyesha mawe yake meupe, na walimu wakausifu usafi. Kipande cha kwanza hakikuwa na kipepeo. Cha pili hakikuwa na kipepeo. Kwenye cha tano alipita mmoja, juu sana, akienda zake kama mtu aliyebisha hodi akakuta mlango umefungwa. Walimu wakaanza kuulizana habari za chakula cha mchana. Nakiete alikuwa akitazama ardhi tupu, kushoto na kulia. Bi Kiango akaongeza mwendo, kana kwamba vipepeo wako mbele na wao ndio waliochelewa. Mwenyekiti alitazama saa yake.

Mwanamvua alikuwa nyuma ya wote. Kila kipande walichokipita kilimsogeza kwenye aibu yake. Kama wageni hawakuona kitu kwenye usafi wa wenzake, wataona nini kwenye uchafu wake? Hicho ndicho watakachokwenda nacho mjini, na kilima kitachimbwa, na watu watasema kilichimbwa kwa sababu ya Mwanamvua. Alitamani atangulie mbio akang'oe japo gugu moja.

Nakiete alifika juu, akasimama, akainua mkono. Nyasi zilimfika magotini. Maua ya zambarau na ya manjano yalichanganyika na magugu, na magugu yakachanganyika na kila kitu.

"Nani hakufagia hapa?" aliuliza bila kugeuka.

Wanawake walimtazama Mwanamvua, lakini hakuna aliyemtaja. Naye angeweza kukaa kimya.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nauguza."

"Ahsante, dada," alisema Nakiete, akapiga hatua moja ndani ya nyasi.

Nyasi zikainuka. Ndivyo walivyosimulia baadaye wote waliokuwapo, kwamba nyasi zenyewe ziliinuka zikaruka. Walikuwamo vipepeo wa rangi ya embe bivu, wenye pindo jeusi, walikuwamo weupe, na chini kabisa, wa buluu, wadogo kama ukucha wa mtoto. Walimu wazima walichuchumaa. Mmoja, mnene, mkuu wa shule, alilala kifudifudi na suruali yake ya heshima. Kipepeo wa buluu alitua kwenye kanga ya Bi Kiango, akaidhania bustani, na mama huyo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ametulia, akatulia.

"Mwanaisha," alisema bila kufungua meno, "nipungie nzi, lakini taratibu."

Kisha Nakiete akaliinamisha gugu moja lenye utomvu, akawaonyesha kiwavi, na pembeni yake kifuko cha kijani kilichoning'inia kama hereni. Akasema huyu ni mtoto, na hiki ni kitanda anamogeuka kuwa kipepeo.

"Hivi vidudu?" Bi Kiango aliuliza. "Sisi tumevichoma wiki nzima."

"Mlichoma vipepeo, mama."

Bi Kiango alikitazama kile kifuko. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani," alisema, "tumemfagia mgeni, tukaukaribisha uwanja." Wenzake nao wakacheka, Mwanamvua zaidi ya wote, kicheko cha mtu ambaye siku nane hajaketi. Walikaa huko hadi alasiri. Ilipofika saa ya kushuka, mwenyekiti hakuonekana. Alikuwa amemfuata kipepeo mmoja nyuma ya mawe, na ilibidi aitwe mara tatu.

Kilima kilibaki kwa wanawake. Kesho yake walipanda tena, wakachuma mbegu za magugu kwenye kipande cha Mwanamvua, wakazitawanya kwenye vipande vyao. Bibi zao wasingeamini.

Mfano huu haumsifu mvivu, kwa kuwa Mwanamvua hakukaa bure hata saa moja. Unamuuliza mwenye bidii: ile furaha unayoiandalia nyumba, una hakika hukuing'oa ikiwa bado kiwavi?