Ngiri Aliyetumwa Mlangoni kwa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zinatokea puani? Nyie watoto mmekula, na wazazi wenu huko nyuma najua wamekula. Hadithi ya leo ina fahari yake, haitaki kuitikiwa kivivu. Haya tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa.

Hapo zamani, zamani za kale kabisa, wanyama walipokuwa bado wakiamkia ibada kila Jumapili, palikuwa na ngiri mmoja katika bonde la mto Msima. Jina lake Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mchimbaji. Ana shingo nene. Ana meno marefu yaliyopinda juu, nje ya mdomo. Akiinamisha kichwa, udongo unaruka. Kwara, kwara, kwara. Shimo tayari. Bonde zima lilijua kwamba hakuna anayechimba kama Nyamizi, na Nyamizi naye alijua.

Lakini alikuwa mkaidi. Jamani, alikuwa mkaidi. Akiambiwa njia ile ina tope, atapita ile ile. Atatoka huko amejaa tope mpaka masikioni, atasema tope ndilo alilokuwa akilitafuta. Akiambiwa uyoga ule unaumiza tumbo, ataula mbele ya wote, halafu ataugua kimya kimya kwake.

Wala msidhani hakumpenda Mungu. Alimpenda sana. Jumapili alifika wa kwanza penye mwamba bapa walipokuwa wakisalia. Mama Kanga, aliyekuwa katekista wao, hajamaliza kutaja wimbo, Nyamizi ameshauanza. Tatizo lilikuwa moja. Mama Kanga akifundisha habari za kusamehe, au za kumtii Mungu, na lile neno likaanza kumgusa pale penyewe, Nyamizi alikohoa, akaanzisha wimbo mwingine. Aliimba kwa nguvu ili asisikie.

Sasa, pale penyewe palikuwa wapi?

Palikuwa kwa Fisi. Fisi huyu aliitwa Ngelela. Mwaka uliopita, masika yakiwa yamekolea, Ngelela alikuja kwenye shimo la Nyamizi kando ya mto, akamtoa kwa meno, akaifanya nyumba yake. Nyamizi alikuwa na mimba kubwa, hawezi kupigana. Akatoka. Akazaa nje, mvua inapiga, hana hata jani la kujifunika. Watoto walipona, Mungu mkubwa. Lakini Nyamizi aliapa hatakanyaga tena kando ile, na hakutaka hata mtu aitaje mbele yake.

Kikaja kiangazi. Kikaja kiangazi kilichokataa kuondoka. Mto Msima ukapungua, ukawa vidimbwi. Vidimbwi vikawa tope. Tope likapasuka. Tembo, ambao kila kiangazi ndio waliochimba maji mchangani, walikuwa wameshahama mbali. Wenye miguu mirefu wakawafuata. Walibaki wadogo, wazee na wanaonyonyesha, wale ambao safari ingewaua.

Mama Kanga akawaita kwenye mwamba. Kakaka, kakaka. Wakaja. Akawaambia leo hakuna kuimba, makoo yamekauka. Leo tutanyamaza mbele za Mungu, na kila mmoja asikilize.

Wakanyamaza. Kimya. Ziii.

Na katika kimya kile Nyamizi akaambiwa. Hakuna mwingine aliyesikia. Haikuwa sauti ya masikioni. Lilikuwa neno lililotua moyoni, tulivu, likakaa.

"Nyamizi, nenda kachimbe mlangoni kwa Ngelela."

Akakohoa. Akafungua mdomo aanzishe wimbo. Sauti haikutoka. Neno likabaki palepale.

Akajiambia moyoni kwamba Mungu anataka maji, na maji ni maji. Atachimba, tena atachimba kwa nguvu kuliko siku zote, lakini mahali atachagua mwenyewe.

Mnaona, wanangu? Mkaidi akimkatalia Mungu haendi kulala. Anatafuta kazi nyingine, tena kazi nzuri, anaifanya kwa bidii. Nyamizi akasimama, akatangaza kwamba atawachimbia maji chini ya kilima. Wanyama wakafurahi. Akaenda kilimani, akaanza. Kwara, kwara, kwara. Vumbi likapanda. Sungura wakaondoa udongo. Nungunungu wakavuta mawe. Shimo likamfika mabegani, likamzidi kimo. Mama Kanga akashuka kuangalia kama kuna unyevu, akapanda na vumbi kwenye mdomo. Nyamizi akasema bado kidogo. Kesho yake akasema bado kidogo. Ko! Mwamba. Akahamia pembeni. Ko! Mwamba. Akarudi nyuma, akajitupa kwa nguvu zake zote.

Kach!

Jino lake la kulia likavunjika.

Karibu na shimo alikuwa amesimama Paa, mama mwembamba mwenye mtoto mmoja. Maziwa yalikuwa yamemkauka. Mtoto akajaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akaanguka ubavu. Hakulia. Paa akamlamba. Kisha akasogea kwenye ukingo wa shimo, akamwuliza Nyamizi kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Dada, Mungu alikuambia uchimbe hapa?"

Nyamizi angeweza kusema ndiyo. Wote walikuwa tayari kumwamini. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni kwa ajili yao, nani angemhoji zaidi? Akamtazama yule mtoto pale chini, mbavu zinapanda, zinashuka, zinakaa kidogo kabla ya kupanda tena.

"Hapana," akasema. "Aliniambia kwingine. Nilikataa."

Nungunungu mmoja akaachia jiwe, likabingirika. Nyamizi akangoja matusi, maana alijua anayastahili. Hayakuja. Mama Kanga akamwuliza huko kwingine ni wapi. Akajibu kwamba ni mlangoni kwa Ngelela. Akaongeza haraka haraka kwamba kule kuna fisi, wataliwa wote.

"Na hapa kuna nini?" Paa akamwuliza.

Nyamizi akatoka shimoni, akaenda peke yake nyuma ya kilima. Huko hakuimba. Alimwambia Mungu mambo jinsi yalivyo. Akamweleza habari za mvua ile. Akamweleza baridi iliyowapiga watoto wake, na jinsi alivyomsikia Ngelela akicheka ndani ya nyumba aliyoichimba yeye. Akamwuliza kwa nini hakumtuma Ngelela aje kuomba radhi, kwa nini aende yeye aliyeonewa. Alilia mpaka akamaliza. Ndipo akakumbuka yale aliyokuwa akiyafunika kwa nyimbo, kwamba Bwana Yesu aliwaombea wale waliokuwa wakimuua, nao hata radhi walikuwa hawajaomba. Akanyamaza. Na lile neno, kumbe, lilikuwa bado lipo. Halijakasirika. Halijabadilika.

"Moyo wangu hautaki," akasema. "Ila naenda. Twende wote, Baba."

Akaenda. Mchana kweupe, jua la utosini, akashuka hadi kando ya mto.

Ngelela alikuwa amelala mlangoni, mbavu zinahesabika. Aliposikia harufu ya ngiri akainuka, miguu inatetemeka, akakunja pua, meno nje. Akamwambia Nyamizi kwamba anajua amekuja kudai nyumba, na kwamba nyumba ile hataitoa mpaka afe.

"Sikuja kudai nyumba," Nyamizi akasema. "Nimetumwa kuchimba maji hapa."

"Nani amekutuma?"

"Mungu. Mimi mwenyewe nisingekuja."

Ngelela akamtazama. Akalitazama lile jino lililovunjika. Akakaa chini, akasema basi achimbe, yeye atatazama.

Nyamizi akainamisha kichwa. Kumbe jino moja halifiki. Akichimba amesimama, lile zima linakwaruza juu juu tu, na lile lililovunjika linachoma mpaka kwenye jicho. Akajaribu hivi, akajaribu vile. Mwisho akakunja miguu ya mbele, akapiga magoti kwenye mchanga wa moto, mbele ya mlango wa adui yake. Mama Kanga na wenzake, waliokuwa wamemfuata kwa woga, wakasimama mbali wakitazama. Hakuna aliyewahi kumwona Nyamizi akimpigia magoti yeyote.

Kwara. Kwara. Kwara.

Ule ukaidi wake sasa ukapata kazi. Magoti yanaungua, hainuki. Mchanga unamporomokea, anautoa. Unaporomoka tena, anautoa tena. Jua linampiga mgongoni, yeye yupo palepale alipotumwa.

Ngelela akatazama, akatazama. Hatimaye akajikokota, akaingiza miguu shimoni, akaanza kuparua upande wa pili. Paru, paru, paru. Wakachimba hivyo, kichwa kwa kichwa, bila kusemezana. Halafu Ngelela, bado anaparua, macho chini, akasema.

"Ile mvua niliisikia. Nililala pakavu nikaisikia, nikakusikia na wewe. Nisamehe."

Nyamizi hakujibu upesi. Na nyie msitake ajibu upesi. Alichota mchanga, akaumwaga. Akachota tena, akaumwaga.

"Nimekusamehe," akasema. "Chimba upande wako."

Mchanga ukawa wa baridi. Ukawa mweusi. Ukashikana. Halafu chini ya pua ya Nyamizi kitu kikasema chwi. Kikasema chwi, chwi. Maji yakaja, machafu kwanza, yakazunguka, yakatulia, yakawa maangavu mpaka unaona mchanga chini.

Nyamizi hakunywa. Alimwita Paa. Paa akaja akimsukuma mtoto kwa kichwa, wakapita mbele ya fisi, na fisi akageuza uso pembeni ili wasiogope. Mtoto akanywa. Akapumua. Akanywa tena, masikio yakasimama. Akanywa Paa. Wakanywa sungura na nungunungu. Akanywa Mama Kanga, akiinua shingo juu kwa kila funda. Ngelela alikuwa amejitenga, anangoja kufukuzwa. Nyamizi akamwendea, akamsukuma kwa pua mpaka majini.

Na nyumba je? Najua mtaniuliza. Ngelela aliirudisha, na Nyamizi akaipokea, maana ilikuwa yake. Fisi akahamia ng'ambo ya mto. Maji yakawa ya wote, na katika kiangazi kile kirefu hakuna hata mmoja pale bondeni aliyekufa kwa kiu.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, kabla mto haujajaa, tembo walirudi. Wakakuta kisima mchangani, kirefu, kimekaa vizuri. Kiongozi wao, tembo jike aliyezoea kulichimbia bonde zima, akauliza ni tembo gani aliyepita huku wakati wao hawapo.

Mngewaona wale wadogo siku hiyo. Vifua mbele. Sungura wanatembea kama simba. Mama Kanga alisahau ukatekista wake wote, akaruka, akasimama juu ya mgongo wa Nyamizi ili aonekane vizuri. Wakamwambia hakupita tembo. Wakamwambia ni huyu hapa, ngiri, Nyamizi wetu.

Tembo akamtazama Nyamizi, akatazama kisima, akamwuliza alijuaje kwamba maji yapo pale.

"Sikujua," Nyamizi akasema. "Niliambiwa. Kwanza nilikataa, kisha nikatii."

Akasema hivyo bila kuinamisha uso, na wenzake wakasimama karibu naye zaidi. Tembo yule mkubwa akashusha mkonga wake, akanywa maji ya ngiri, akamshukuru.

Ndiyo maana mpaka leo mkimwona ngiri anakula, mtamwona amepiga magoti. Watoto wake wanazaliwa na sugu magotini tayari. Na akiinuka kukimbia, mkia wake unasimama wima kama bendera. Wengine humcheka. Yeye haoni haya. Anajua magoti yale yalikotoka, na anajivunia.

Basi, wadogo kwa wakubwa, fundisho ni hili. Kumtii Mungu ni kufanya lile alilokuambia, pale alipokutuma, hata kama ni mlangoni kwa mtu aliyekuumiza. Ukifanya jingine badala yake, hata liwe zuri, hata likutoe damu, bado ni ukaidi. Na wewe mwenye shingo ngumu, najua upo hapa, usikate tamaa. Mungu hakuitupa shingo ya Nyamizi. Ilipokubali kuinama, aliitumia kuliokoa bonde zima.

Hadithi yangu imekomea hapo, kisimani. Aliye na kiu na anywe.