Ukucha wa Mori Pinhasi

Imepokewa kwa wasimulizi wa habari za waja wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yote, kwamba zama zilizopita, katika milima ya Yemen, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Baiti Lozi, kwa ajili ya milozi iliyochanua kando ya mashamba yake ya mtama. Upande wa juu walikaa Waislamu, na upande wa chini walikaa Mayahudi: wahunzi, wafinyanzi na wafumaji. Hao Mayahudi walisimulia kwamba wazee wao walitawanyika duniani tangu Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa, na kila waliposimama kusali waliuelekea mji ule. Asubuhi na jioni walishuhudia kwa ndimi zao kwamba Mungu ni Mmoja. Jua la Ijumaa lilipozama waliweka chini nyundo na nyuzi, na hata mbishi wao mkubwa akatulia mpaka jua la Jumamosi lizame. Taurati aliyoteremshiwa Nabii Musa waliisoma, wakawafundisha watoto wao, na wakaishi nayo hadi jikoni. Hilo la jikoni ndilo linalotuhusu leo.

Sisi tukifika buchani tunauliza, “Imechinjwa vizuri?” Muuza nyama anajibu, “Kabisa,” nasi tunaondoka na kifurushi chetu tumeridhika kama tuliomwona ng'ombe mwenyewe. Kwa wale haikuwa hivyo. Kisu cha kuchinjia kwao hakitakiwi kuwa na pengo hata dogo kama unywele, kwa maana pengo halikati, linararua, na kumwonea kiumbe asiye na ulimi ni dhambi. Kwa hiyo mchinjaji hupitisha ukucha na ncha ya kidole juu ya makali kabla hajachinja, na akishachinja hukikagua tena. Akikuta pengo hapo, basi mnyama ni kibudu. Wanaweza kumpa jirani asiye wa dini yao, lakini wenyewe hawamgusi.

Mchinjaji wa Baiti Lozi alikuwa Mori Pinhasi. “Mori” ni jina la heshima walilomwita mwalimu wao wa dini, na kweli mzee huyo aliwafundisha watoto asubuhi na kuchinja palipotokea haja. Ukucha wa kidole chake cha shahada aliutunza kuliko alivyotunza kilemba chake. Hakumenyea kitu, hakukwarulia kitu, wala hakujikunia. Mkewe alikuwa akimwambia, “Mume wangu, ukucha huo ungekuwa mwali, ungeshaolewa zamani.” Naye Mori alicheka, akaupaka mafuta.

Katika mji ule alikuwapo mjane mfinyanzi, jina lake Bedra, aliyekuwa na binti mmoja tu, Lulua. Binti alipoposwa na watu wa mji wa bondeni, Bedra alipata ndama dume, akaapa kwamba huyo ndiye atakayeliwa siku ya arusi. Akamlea kwa desturi ya wanawake wa milima ile, ambao hawamtupii ng'ombe majani, bali huviringisha mabua ya mtama ndani ya majani mabichi na kumlisha tonge kwa tonge kwa mkono. Ndama akawa fahali wa kutazamwa. Bedra hakuwa na dhahabu wala shamba. Heshima yote aliyoweza kumpa binti yake mbele ya wakwe ilikuwa imesimama kwa miguu minne zizini.

Siku ikafika. Baba wa bwana arusi, Zadoki, alipanda mlima na jamaa zake wote. Naye alikuwa mchinjaji huko kwao, mtu wa nguvu na mwenye sauti, na kiunoni alikuja na kisu chake mwenyewe ndani ya ala.

“Usinielewe vibaya, Mori,” alisema huku akicheka. “Mimi nimezoea kula nyama niliyoichinja kwa mkono wangu.”

“Basi chinja wewe,” akajibu Mori Pinhasi.

“Hapana, hapana. Mgeni hachinji kwa mwenyeji.”

Mori akakagua kisu chake kwa utulivu, akampa Zadoki naye akikague. Wote wawili wakakikuta kizima. Bedra akamlisha fahali wake tonge la mwisho, akageuka asitazame. Mori akamshukuru Mungu aliyewatakasa kwa amri zake, akachinja kwa mwendo mmoja, na fahali akalala bila kuhangaika. Vigelegele vikapigwa. Wanawake wakaanza kuchochea moto, na Bedra akakimbilia chumvi, kwa maana nyama kwao hutiwa chumvi kwanza ili damu itoke kabla haijapikwa.

Mori akakifuta kisu, akasogea pembeni na kupitisha ukucha kama alivyofanya maisha yake yote. Katikati ya makali ukucha ukakwama.

Akadhani ni unywele. Akakiosha kisu kwa maji, akakikausha, akapitisha tena polepole. Ukakwama palepale. Hapo mzee, nasi tusione aibu kusema, aliogopa. Akamwita Zadoki kando, akampa kisu bila kumwambia kitu. Zadoki akapitisha ukucha wake mara ya kwanza, na ya pili, akatikisa kichwa.

“Laini. Kuna nini?”

“Mimi nimehisi pengo.”

Zadoki akamtazama mzee, kisha akawatazama wageni, kisha akashusha sauti. “Mori, ukucha wa mzee hukauka, hukwama hata kwenye hariri. Tuko wawili hapa: mmoja amehisi, mmoja hakuhisi. Mwonee huruma mjane huyu. Huruma nayo si amri ya Mungu?”

Maneno hayo hayakuwa ya mtu mwovu, na ndiyo maana yalikuwa mazito. Mori Pinhasi alitamani kuyaamini. Alimwona Bedra kwa mbali akicheka na jirani zake, na chumvi imemjaa mikononi. Angenyamaza tu, asingejua mtu yeyote, na arusi ingekwenda kwa furaha. Lakini akajiuliza: watu hawa wanakula kwa ukucha wa nani, wa Zadoki au wangu? Na ukucha wangu umesema nini?

Akaenda mwenyewe, hakumtuma mtu.

“Mama Lulua, weka chumvi chini,” alisema. “Fahali wako ni kibudu. Kisu changu kimeingia pengo.”

Bedra hakuelewa kwanza. Alipoelewa, alikaa juu ya jiwe la kusagia, na machozi yakamtoka. “Nilimlisha kwa mkono wangu, Mori. Kila siku, kwa mkono wangu huu.” Kisha akasema neno ambalo wengi wetu tungelisema: “Si ungeniambia kesho?”

“Kesho ungekuwa umeshakula, binti yangu, wewe na wageni wako wote.”

Lulua akatoka ndani na mapambo yake ya arusi yakilia shingoni. Aligusa mwimo wa mlango, penye maneno ya Taurati yaliyotundikwa, akabusu vidole vyake kama walivyofanya kila walipopita, akamshika mama yake bega. “Mama, dengu zipo.”

“Dengu!” akalia Bedra. “Arusi ya dengu! Watatucheka bonde zima mpaka wajukuu wako waote mvi.”

Na kweli jamaa wa Zadoki walikuwa wameshaanza kunong'ona. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hapa mwenye kisu kikali ndiye aliyewanyima watu nyama. Mori Pinhasi alikwenda nyumbani kwake, akamfungua mbuzi wake wa maziwa, wa pekee, akaanza kumvuta kuelekea kwa mjane ili achinjwe badala ya fahali. Mbuzi akakataa. Walivutana hivyo hadi kwenye shamba la Mukbili, Mwislamu wa upande wa juu, ambaye siku ile wavunaji wake walikuwa wakimaliza mtama kwa nyimbo.

“Salamu aleikum, Mori!” akaita Mukbili. “Unamvuta mbuzi, au mbuzi anakuvuta wewe?”

Mori akamweleza yote. Mukbili akaweka mundu chini.

“Fahali yule wa Bedra? Yule aliyelishwa kama mtoto wa sultani?” Akafikiri kidogo. “Sikiliza, jirani. Wavunaji wangu nimewaahidi nyama leo, na nina kondoo wanne wanaongoja kisu. Wewe una ng'ombe asiyelika kwenu, na mimi nina kondoo. Tubadilishane.”

“Ujue kwanza unachokichukua,” akasema Mori. “Kwetu ni kibudu. Kisu kilikuwa na pengo.”

“Jina la Mungu lilitajwa?”

“Lilitajwa.”

“Damu ilitoka?”

“Ilitoka yote.”

“Basi sisi tumeruhusiwa chakula cha waliopewa Kitabu, na pengo lako hilo silioni hata ukinipa jua la mchana kutwa.” Akacheka, kisha akaacha kucheka. “Lakini nakushukuru kwa kuniambia. Umri wangu wote nimenunua vitu, na hakuna aliyewahi kunionyesha pengo la bidhaa yake.”

Wavunaji wakamchukua fahali kwa shangwe, na kondoo wanne wakateremshwa kwa mjane. Mbuzi wa Mori akarudi nyumbani akiwa hai na hasira zake. Mori akachukua kinoo, akanoa kisu, akanoa tena, na lile pengo likaondoka na vumbi la chuma. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama lilikuwapo. Akawachinja kondoo mmoja baada ya mwingine, na kila baada ya mmoja akapitisha ukucha, watu wote wakimtazama usoni kwa hofu. Kila mara alisema, “Halali,” nao wakapumua.

Jua lilipopinda, karamu ikaandaliwa uani. Palikuwa na nyama, na mikate ya moto, na dengu za Lulua pia. Walikuwa na haki ya kufurahi, lakini minong'ono haikuisha. Mwishowe Zadoki, ambaye hakuzoea kukaa na neno moyoni, akasema kwa sauti ya kusikika.

“Jamani, simvunjii mtu heshima. Lakini ng'ombe mzima ameondoka kwa kitu alichokihisi mtu mmoja peke yake. Mimi nilikishika kisu kile. Labda mji huu umefika wakati wa kumtafuta mchinjaji kijana.”

Mori Pinhasi akainamisha kichwa. Hakuwa na ushahidi wa kujitetea. Alikuwa ameshaunoa ukaisha.

Bedra alikuwa akipita na sinia. Akasimama. Watu walijua kwamba yeye ndiye aliyeumia kuliko wote, na kama kuna mwenye haki ya kumlaumu mzee ni yeye, kwa hiyo wakamgeukia wamsikie.

“Mkwe wangu,” alimwambia Zadoki, “tangu niote meno nakula nyama kwa ukucha wa mtu huyu. Sijawahi kukishika kisu chake, wala nikikishika sitajua kitu. Yeye alisema ndiyo, mimi nikala. Alisema ndiyo, nikawapa watu wangu wakala. Nilikuwa namwamini kwa sababu sikuwa na la kufanya.” Akakifuta kijasho kwa mkono wa nguo. “Leo ameniambia hapana, siku ambayo hapana yake ilimuuma yeye kama ilivyoniuma mimi. Sasa ndipo nimejua kwamba zile ndiyo zake zote zilikuwa za kweli. Nimempoteza fahali, lakini nimepewa kila nyama niliyokula tangu utotoni.”

Akamwekea Mori Pinhasi kipande cha kwanza.

Zadoki alikuwa mtu wa majivuno, lakini hakuwa mtu wa kuikataa haki ikisimama mbele yake. Akapeleka mkono kiunoni, akatoa kisu chake kwenye ala, kile ambacho alikuwa hajamkabidhi mtu mwingine akikague, akamnyooshea mzee kwa mikono miwili.

“Mori,” alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, “nikagulie.”

Mori Pinhasi akanawa, akakausha mkono. Akaupitisha ukucha wake kwenye makali, kutoka mpinini hadi nchani, kisha akarudi. Zadoki akamkazia macho kama mgonjwa anavyomtazama tabibu. Ukucha ulipita huku, ukapita huku.

“Kizima,” akasema Mori.

Zadoki akashusha pumzi ndefu na kukirudisha kisu kwenye ala. Kisha akakunja mkono wa kanzu, akavuta sinia karibu, akala nyama iliyochinjwa na mkono wa mwingine. Juu ya mlima wavunaji wa Mukbili nao walikuwa wakila na kuimba, na nyimbo za pande mbili zikachanganyika mpaka jua likatua.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu kuna anayekula kwa ukucha wake: mteja dukani, mgonjwa kitandani, mtoto anayetuuliza jambo na kutuamini papo hapo. Hawana njia ya kutukagua. Mwenyezi Mungu atujaalie ujasiri wa kusema hapana pale inapotuuma, ili ndiyo zetu zilike.