Waziri Alivyoshika Lindo

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye bisi azitafune kimya kimya.

Waziri wa Sheria alimfuata Koplo Mwasiti lindoni, mahali pasipo hata kibanda, akiwa na waandishi wa habari.

"Wapinzani wanasema askari hamnipendi. Kanusha, la sivyo vua sare!"

"Nitakanusha, Mheshimiwa. Ila waandishi hawa wakikupiga picha umenipokea lindo, watu wataamini zaidi."

Waziri akapokea kirungu, akatabasamu. Mara mvua ikamwagika.

"Koplo, nipokee!"

"Nimeshakabidhi, baba. Zamu yangu ijayo ni kesho. Na sheria uliyoitunga mwenyewe inasema anayeacha lindo bila kupokewa analala mahabusu."

"Unataka nini wewe?"

"Ahidi kibanda, waandishi wakisikia."

Waziri akaahidi, Koplo akampokea lindo. Askari wakapata kibanda cha bati, waziri akaambulia mafua.