Hatua za Bi Nakijwa

"Njia hupimwa kwa mkongojo." Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na msiitumie ovyo kabla hamjaijua.

Huko Upareni, katika kijiji cha Kwamrindi, pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ililia: watu watoke wakajenge zahanati. Kutoka bondeni walikuja wazee tu, maana vijana wao walikuwa wamehamia mijini. Wazee hao, na presha zao na magoti yao mabovu, waligonga kokoto wiki tatu. Bi Nakijwa alikuwa mmoja wao.

Kisha mwenyekiti wa kijiji, kijana Elieneza, akatangaza kwamba zahanati itajengwa kileleni, jirani na maduka.

Damu ilimchemka Bi Nakijwa. "Kokoto tugonge sisi, dawa mnywe ninyi?"

"Mama, si mbali. Nimepima mwenyewe, dakika kumi na tano."

"Umepima kwa miguu ya nani? Kesho njoo bondeni, tupime wote. Na usinipite!"

Kwao, kijana kumpita mzee njiani ni tusi. Basi asubuhi kamati nzima ya kijiji ilijipanga nyuma ya Bi Nakijwa kwenye kijia chembamba cha kupanda kileleni. Mkongojo mbele, hatua moja, pumzi tatu. Penye jiwe, akaketi. Elieneza akatazama saa.

"Mama, jua linapanda."

"Lenyewe halina magoti."

Kwenye kona ya mwinuko mkali akasimama. "Hapa ndipo dada yangu alipokata roho, akipandishwa kwa machela kutafuta dawa. Mlikuja mazikoni mkala, mkashiba, mkasahau."

Akachomeka mkongojo mbele, akaendelea kupanda.

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Elieneza kwa unyonge.

"Mgeni wangu hakimbii, wala hapotei njia."

"Kifo?"

"Kifo hukimbia, mwanangu. Huyu ni uzee, na ameshatoka kwao kuja kwako. Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua mji wowote, mama."

"Sitaki mji. Nataka zahanati pale njia panda, katikati."

Walifika kileleni adhuhuri, Bi Nakijwa amekwisha nguvu, na zile dakika kumi na tano hazikutajwa tena. Wiki ileile pembe ililia upya, kokoto zikapelekwa njia panda. Wenye maduka walinuna. Na wanune!

Mmoja wao akamfuata Elieneza kwa hasira. "Nani kakwambia kileleni ni mbali? Umepima?"

"Nimepima mara mbili," akajibu. "Ya kwanza nilijidanganya. Njia hupimwa kwa mkongojo."