Sumu Haikuaga

Moshi huondoka, sumu hukaa. Methali hii mmeisikia asubuhi kwa muuza vyuma chakavu, na sasa mnataka kujua nani aliianzisha. Haya, chanzo chake ni hiki.

Mtaani kwetu aliishi Shomvi, aliyenunua redio, televisheni na kompyuta mbovu. Nyaya alizichoma uani, plastiki iungue ibaki shaba. Majirani walipolalamikia moshi, alisikia. Akaacha kuchoma, akafagia majivu. Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, mbichi kabisa.

Miaka ikapita. Dada yake, Chausiku, akafuga kuku uani pale. Mayai yao yalisifiwa, na mkwewe Mwanahawa alipopata ujauzito, Chausiku alimpikia yeye kwanza.

Ndipo akaja Bi. Salha, mtaalamu wa udongo, akipita mitaa iliyowahi kuchomewa nyaya. Akaomba udongo kidogo na mayai machache. Tulicheka, udongo nao unapimwa nini? Aliporudi hakucheka mtu.

"Mama, msile tena mayai haya. Udongo una sumu. Kuku anapochakura anaimeza, inakaa kwenye mafuta yake, kisha inaingia kwenye yai."

Shomvi akang'aka. "Sumu ya wapi? Mimi niliacha kuchoma zamani. Moshi wenyewe uliondoka!"

Chausiku alimtazama Mwanahawa, aliyekuwa ameshika tumbo. "Moshi uliondoka, kaka. Na sumu je, ilikuaga?"

Shomvi akamgeukia mgeni. "Tukimwagia maji mengi?"

"Haiyeyuki majini."

"Tukiacha ioze yenyewe?"

"Utapata vitukuu ikingali humo."

"Basi dawa yake nini?"

"Moto."

"Moto! Si ndio ulioileta?"

"Moto wako ulikuwa hafifu, baba, ndio ukaizaa. Lipo tanuri lililofungwa, kali kuliko moto wowote uliowahi kuuwasha. Humo ndimo inamovunjika."

Tulijaa uani kutazama. Watu waliovaa glovu na barakoa walichimba tabaka la juu, wakalifungia ndani ya mapipa ya kupelekwa tanurini, na Shomvi akachimba pamoja nao. Kuku nao walichukuliwa. Chausiku alilia, maana kila mmoja alikuwa na jina. Ukaletwa udongo mwingine, na Bi. Salha akapima tena kabla ya kuruhusu hata kifaranga kukanyaga pale.

Mwanahawa alijifungua binti. Anakua vizuri, lakini hadi leo hupelekwa kliniki kuangaliwa, na bibi yake hatulii mpaka warudi.

Siku moja Shomvi aliwakuta vijana jalalani wakiwasha rundo la nyaya. Akawasihi wazime.

"Usijali, mzee," mmoja akasema, "moshi utaondoka sasa hivi."

Shomvi akachota mchanga kwa mikono yake, akaumwagia ule moto hadi ukazima.

"Najua, mwanangu," akasema. "Moshi huondoka, sumu hukaa."