Firigisi ya Jogoo wa Bi Sikujua

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani maana sikuzaliwa na kalenda mkononi, palikuwa na mjane upande wa Handeni, jina lake Bi Sikujua. Mumewe, Mzee Shauri, alimwachia mabinti watatu walioolewa, mbuzi mmoja mwenye kelele, na banda bovu katikati ya bustani ya mchicha. Banda la miti na udongo, bati juu, mawe juu ya bati. Mzee alilijenga mwenyewe la kuwekea majembe. Sasa lilikuwa limeinama kama mtu anayetafuta sindano, na upepo ukivuma linasema krrr.

Bi Sikujua akawatuma binti zake: "Waambieni waume zenu waje walibomoe kabla halijamwangukia mtu. Nitachinja jogoo."

Wakwe wote watatu masikio yakawasimama. Si kwa ajili ya jogoo, jogoo kila mtu anaye. Ni firigisi! Kwa desturi ya kwao firigisi huliwa na mwanamume mkubwa wa nyumba, na tangu Mzee Shauri afariki, miaka mitatu, Bi Sikujua hakumpa mtu. Atakayepewa ndiye atakayekalia kiti cha marehemu, ndiye atakayeulizwa shamba lilimwe nini na mjukuu aitwe nani. Firigisi ni moja. Wakwe ni watatu. Mmeanza kunielewa?

Na desturi nyingine, ishikeni vizuri msije mkanisumbua baadaye. Mkwe hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwa na neno humwambia aliye karibu, huyo ndiye alifikishe.

Siku ikafika. Akaja Mhando, mtu wa papara, na shoka lake. "Nguzo ikilala, banda limelala. Tuna haja gani ya kupoteza siku?"

Akaja Kibwana, mtu wa taratibu, kavaa mabuti kwa kuogopa misumari. "Mwanyumba, utatuua! Banda huvuliwa kofia kwanza. Mawe yashuke, bati lifuate, nguzo mwisho."

Akaja Ngereza, mtu wa maneno machache, na kamba. Akaifunga kwenye boriti, akaivuta upande usio na mchicha. "Mimi nashikilia," akasema, basi.

Kibwana akapanda ngazi. Mawe, chini. Bati la kwanza, chini. "Mhando, subiri!" "Nasubiri!" Bati la pili, chini. "Mhando, subiri!" "Nasubiri, lakini mikono inaniwasha!" Bati la tatu, la mwisho, chini. Kibwana akachungulia ndani. Lahaula! Mama mkwe yumo! Kapenya kwa mlango wa nyuma, anapapasa ukutani.

Afanye nini, na desturi imembana? Akakohoa. Kimya. Akakohoa tena. Sauti ikatoka ndani: "Huyo anayekohoa apewe tangawizi." Basi Kibwana akamgeukia mbuzi aliyefungwa kando. "Wewe mbuzi! Mwambie mama atoke, hapo si salama!"

"Mbuzi," akajibu Bi Sikujua, "mwambie mkwe wangu sijamaliza."

Mhando alikuwa upande wa pili. Maneno hayo hakuyatilia maanani, nani husikiliza anayoambiwa mbuzi? Aliona bati la mwisho limegusa chini, na subira yake nayo ikaisha. Pu! Shoka kwenye nguzo.

Krrrr!

Kibwana akaruka, akatua kwenye mchicha. Ngereza akaona upande wa khanga mlangoni. Akaachia kamba, akajitosa ndani, akambeba mama mkwe mzimamzima begani kama gunia la mihogo. Lakini kamba imeachwa, boriti nayo inashuka. Mhando akatupa shoka, akaikinga kwa bega, macho yakamtoka. "Piteni! Piteni jamani, nakufa!" Wakapita. Naye akachomoka. Banda likalala. Vumbi likatanda, mbuzi akapiga chafya.

Vumbi lilipotulia wakaona alichokuwa akikitafuta Bi Sikujua. Alikuwa amelikumbatia jembe la marehemu, mpini umelainika kwa viganja vyake. Akalia. Alilia waziwazi, bila haya, na wakwe zake wakatazama chini.

Jogoo akaiva. Bi Sikujua akaiopoa firigisi kwa mwiko, akamgeukia mbuzi. "Mbuzi, waulize wakwe zangu. Miaka mitatu nyama hii naila mwenyewe na haipiti kooni. Leo nataka kumpa mtu. Nani?"

Kibwana akawahi. "Mbuzi, mwambie mama, yale mawe yangemshukia kichwani kama si mimi kuyatoa. Na nilimwona wa kwanza, nikamwonya bila kumvunjia heshima."

"Ulimwonya mbuzi!" akadakia Mhando. "Mimi nimelibeba banda kwa bega hili. Litazameni lilivyovimba!"

"Banda uliloliangusha mwenyewe," akasema Ngereza.

"Na wewe uliyeachia kamba? Tena umemkumbata mama mkwe mchana kweupe, majirani wanatazama!"

Ngereza akainamisha kichwa. "Mbuzi, mwambie mama, niliona heri ivunjike desturi kuliko kuvunjika yeye."

Bi Sikujua akainua mwiko. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu.

Mwenzenu nilimsimulia mume wangu hadithi hii, akasema anayestahili ni Mhando, nikamnunia siku mbili. Na asiniambie mtu ikatwe vipande vitatu! Firigisi ikigawanywa ni nyama tu, na kiti cha Mzee Shauri ni kimoja. Mama wa watu bado amesimama pale na mwiko, mchuzi unapoa. Haya, nyinyi mnaojua sana: Kibwana aliyeona, Mhando aliyebeba, au Ngereza aliyegusa? Je, firigisi ile alistahili nani?