Ng'ombe Waliorukwa

Haya yalitokea Rungwe, katika chama cha wafugaji wa maziwa, na hadi leo wenyewe hawajaelewana.

Tusajigwe, mpokeaji wa maziwa, alimjua kila ng'ombe na mwenye ng'ombe. Anyelwisye, bwana mifugo, angeweza kukagua karatasi mia bila kupiga miayo. Ambakisye aliandika programu za kompyuta.

Ulipoingia ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huambukiza watu kupitia maziwa, Ambakisye aliandika programu ya kupitia orodha ya ng'ombe mmoja mmoja na kumfuta kila mgonjwa, ili maziwa yake yasipokelewe.

Asubuhi moja Tusajigwe aliizuia ndoo iliyokuwa iende shule ya chekechea.

"Ng'ombe wa maziwa haya si alipimwa akakutwa mgonjwa?"

"Orodha yenu inasema ni mzima," akajibu mwenye ng'ombe, mjomba wake Ambakisye.

Tusajigwe akayamwaga maziwa. Minong'ono ikaanza: "Ng'ombe wawili wa mjomba waliugua. Mmoja kafutwa, mwingine kabaki. Kumbe kompyuta nayo ina ujomba?" Ambakisye akisalimia, watu waliitikia wakitazama pembeni.

Anyelwisye hakumtetea wala kumlaumu. Alichapa orodha ya kabla na ya baada, akazilinganisha mstari kwa mstari siku mbili nzima. Akakuta wagonjwa wanane wamebaki, wa nyumba tano tofauti. Kila mmoja alikuwa ameandikwa mara tu baada ya mgonjwa aliyefutwa.

Ambakisye alipoonyeshwa, aliifungua programu yake akaisoma upya.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilifuta majina kwenye orodha ileile niliyokuwa naipitia. Akitoka wa tatu, wa nne anasogea nafasi ya tatu. Programu imeshakwenda ya nne, haimwoni."

Akaiandika upya, ipite kwenye nakala huku ikifuta kwenye orodha yenyewe. Wagonjwa wote wakatoka.

Chama kikatenga mtamba mmoja kwa aliyewaokoa watoto.

"Bila mimi wangeyanywa maziwa yale," akasema Tusajigwe.

"Wewe ulimwona mmoja," akasema Anyelwisye. "Wale wengine saba?"

Ambakisye hakudai kitu. Mjomba ndiye aliyesimama: "Na nani alihakikisha kosa hilo halitarudi tena?"

"Tumpe zawadi aliyezima moto aliouwasha mwenyewe?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Na tuna hakika gani kwamba hakujua?"

Mtamba yuko zizini mwa chama, anakula majani ya watu wote. Je, wewe ungemkabidhi nani kamba?